Uzi wa vifuko vya zipu: kuchagua vya kuwekea vitu vidogo bila kuja kujuta

#1 Mzee wa Makopo

Wakuu, salaam.

Juzi nilifungua sanduku langu la vikorokoro nikitafuta skrubu nne za mfuniko wa kamera. Nikakuta kifuko kidogo cha zipu, safi kabisa, kimeandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe: SKRUBU ZA KILE KITU. Nimekaa nacho mkononi dakika kumi nzima. Kitu gani? Mpaka naandika uzi huu sijajua.

Basi nikamwaga kila kitu mezani nianze upya. Vifuko hivi nimevitumia miaka mingi na vibovu nimenunua vya kutosha, ila sasa naona kosa langu kubwa halikuwa kununua vibovu. Nilikuwa nanunua kifuko kwanza, halafu ndio natafuta cha kutia ndani. Anza na kitu chenyewe: kinaogopa nini, na utakigusa mara ngapi? Skrubu ya chuma inaogopa unyevu. Saketi inaogopa umeme tuli. Hereni ya fedha inaogopa hewa, maana gesi zenye salfa ndizo zinazoitia weusi. Shanga haziogopi kitu, zinachojua ni kuchanganyika na kupotea tu. Ukishajibu hayo mawili, nusu ya vifuko unavyooneshwa dukani vinajiondoa vyenyewe.

Niliyojifunza ni haya.

Unene. Watu wengi hawauulizi kabisa. Hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na vifuko vingi vya kawaida viko 40 hadi 50. Ukikuta pakiti imeandikwa "mil" usidhani ni milimita. Mil moja ni sehemu ya elfu ya inchi, sawa na maikroni 25.4. Kwa hiyo mil 2 ni kama maikroni 50 na mil 4 ni kama 100. Vifungo na shanga, 50 zinatosha. Misumari na skrubu zenye ncha, nisingeshuka chini ya 100, na hata hapo usijaze hadi shingoni. Ncha haitoboi ikiwa imelala, inatoboa pale uzito wa wenzake unapoisukuma.

Ukubwa. Hapa ndipo nilipoliwa. Nilikuwa na viboksi vya upana wa sentimita 5 na unene wa sentimita 3, nikanunua vifuko mia moja vya upana wa sentimita 6, nikajiona nimeacha na nafasi. Hakuna hata kiboksi kimoja kilichoingia. Kifuko kikilala bapa kina pande mbili, lakini kiboksi kina pande nne za kuzungukwa. Kwa hiyo upana wa kifuko unatakiwa uwe upana wa kitu, ujumlishe unene wake, kisha uongeze kama sentimita moja ya kupumulia. Kwangu ingekuwa 5 na 3 na 1, yaani 9. Vile mia bado ninavyo, anayehitaji aseme.

Halafu angalia urefu umepimwa kutoka wapi. Kwa kawaida namba ya kwanza ni upana wa mdomo, ya pili ni kina kuanzia chini ya zipu. Wapo wanaohesabu mpaka ukingo wa juu kabisa, na hapo sentimita moja au mbili unazilipia bila kuzitumia.

Zipu. Ile ya kubana kwa vidole ni ulimi unaoingia kwenye mfereji, na kwa vitu vidogo ndiyo ninayoiamini. Ile yenye kidude cha kuteleza ni raha kwa mikono inayouma au yenye glavu, lakini mara nyingi huacha kijitundu pale kidude kinapoegama mwishoni. Unga laini na vumbi hupita hapo. Kabla ya kununua nyingi, chukua kifuko kimoja, kifunge kikiwa na hewa, ukikandamize taratibu kwenye beseni la maji. Mapovu yatakuonesha penye shida.

Lebo. Hii ni habari ndefu na nimeiharibu mara nyingi kuliko zote. Nitarudi nayo. Nawasilisha kwa sasa.


#2 Kibaraza

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, hizo SKRUBU ZA KILE KITU ni ngapi? Zikiwa tatu ni za kile kitu. Zikiwa tano ni za kile kingine.


#3 Mzee wa Makopo

Saba.


#4 Fundi Waya

Uzi mzuri. Naongezea kwenye umeme tuli maana watu wanaua saketi bila kujua.

Kifuko cha kawaida ni polithini laini, na polithini ikisuguana na kitu kingine inajichaji. Ukiingiza na kutoa saketi mara tatu nne siku ambayo hewa ni kavu, unaweza kuichoma bila kuona cheche wala kusikia chochote. Kile kifuko cha rangi ya waridi wengi wanakiita cha kinga, lakini kinga yake ni nusu. Kazi yake ni kutojichaji chenyewe. Mtu mwenye chaji mwilini akikigusa kwa nje, waridi haumzuii. Kwa saketi yenyewe, tumia kile cha rangi ya fedha iliyofifia, unaona ndani kwa mbali kama kioo cha giza. Kina tabaka jembamba la metali, na hilo tabaka ndilo linaloizuia chaji ya nje isifike ndani. Cha waridi kiachie waya, soketi, na vitu vinavyokaa jirani na saketi.

Rezista za kawaida weka hata kwenye kifuko cha shanga, hazina neno. Transista za MOSFET na chipu za kumbukumbu ndizo zenye roho nyepesi.

Jambo la pili, betri. Za volti 9 zina vichwa vyote viwili upande mmoja. Ukizitupia kwenye kifuko kimoja na skrubu au sarafu, metali ikiunganisha vile vichwa inapata moto, na plastiki ipo papo hapo. Ziba vichwa kwa utepe wa umeme, kila betri na kifuko chake.


#5 Mama Vifungo

Mzee wa Makopo, pole na viboksi vyako. Mimi ni mshonaji, nina vifuko karibu mia tatu vya vifungo, zipu za nguo, kulabu na sindano za mashine. Nina ugomvi mmoja na watengenezaji: ile sehemu nyeupe ya kuandikia wameiweka katikati ya kifuko.

Kifuko ukikilaza mezani, sawa, unasoma. Lakini nani analaza vifuko mia tatu? Vinasimamishwa kwenye boksi kama faili, na ukivisimamisha unaona midomo tu. Maandishi yamezama. Unabaki kuvuta kimoja kimoja kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo.

Ninachofanya: nakata kadi ngumu yenye upana wa kifuko ukitoa nusu sentimita, naitia ndani iguse karibu na zipu, na jina naliandika juu kabisa ya kadi. Kadi inafanya kazi mbili, inabeba jina na inakisimamisha kifuko wima. Kifungo kimoja nakishonea kwenye kadi kwa mbele ili nikione bila kufungua.

Sindano za mashine nazibakiza kwenye vikasha vyake vya plastiki ngumu, halafu kikasha ndicho kinachoingia kifukoni. Ukitia sindano tupu, hata maikroni 100 ni kujidanganya.


#6 Mzee wa Makopo

Mama Vifungo, shikamoo. Hiyo ya kadi naiiba leo hii.

Sasa lebo, kama nilivyoahidi.

Nilianza na stika za karatasi. Zinashika vizuri siku ya kwanza. Baada ya miezi kona zinaanza kunyanyuka, halafu siku moja unafungua sanduku unakuta stika ishirini chini na vifuko ishirini visivyo na majina. Polithini ni plastiki isiyopenda gundi, uso wake unateleza, na kila unapokikunja kifuko unazidi kuibandua. Ukilazimika kubandika, bandika pasipokunjwa, na chagua stika ya plastiki kuliko ya karatasi.

Kisha nikahamia lebo za mashine ndogo inayochapa bila wino. Zilikuwa maridadi kweli. Tatizo ni kwamba aina ile hutumia karatasi inayobadilika rangi kwa joto, kama risiti. Sanduku lilikaa karibu na dirisha, lebo zikafifia mpaka nikawa nasoma kwa kuinamisha kwenye mwanga. Sio mashine zote zinatumia karatasi hiyo, zipo zinazohamisha wino kutoka kwenye utepe na hizo hudumu. Uliza kabla. Na kama unayo ya joto tayari, kwaruza lebo kwa ukucha: ikitoa alama nyeusi, ndiyo hiyo.

Makapeni isiyofutika kwenye eneo jeupe ni nzuri, ila "isiyofutika" ni jina tu. Spiriti inaifuta. Fundi anayesafisha vitu kwa spiriti kisha akashika vifuko kwa vidole vilivyolowa ataona majina yakimhamia mkononi. Bolpeni kwenye eneo jeupe lisilong'aa inakaa vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Nilipotulia ni kwenye penseli juu ya kipande cha karatasi, ndani ya kifuko, maandishi yakitazama nje. Najua inaonekana ya kizamani. Lakini penseli ni grafiti, haififii kwa mwanga, haiyeyuki kwa maji wala kwa spiriti, na karatasi ikiwa ndani haibanduki kwa sababu haikubandikwa. Kifuko kikichakaa unahamisha kila kitu pamoja na jina lake.


#7 Jicho la Sarafu

Wapendwa, mnazungumza kana kwamba vifuko vyote ni polithini. Si kweli, na sisi wa sarafu na stempu tumelia kwa hilo.

Vipo vifuko na kurasa za mifuko vya PVC. Ni laini, vinang'aa, na vina harufu ile ya kitu kipya ambayo wengine wanaipenda. Ulaini huo unatokana na mafuta yaliyochanganywa ndani yake, na kadiri miaka inavyokwenda mafuta hayo hutoka. Sarafu ya shaba au fedha inapata utando wa kijani unaonata. Picha zinagandia plastiki. Nilikuwa na sarafu kumi na moja ndani ya ukurasa wa aina hiyo, nilizisahau kabatini, na niliporudi kuziangalia zilikuwa zimeota kijani kama kuta za kisima.

Jinsi ya kutambua bila maabara: kata kipande kidogo kwenye kona, kitumbukize kwenye glasi ya maji, ukisukume kwa kijiti mpaka kizame kabisa ili mapovu yatoke, kisha kiachie. Polithini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, kitapanda juu. PVC ni nzito, itabaki chini. Polista nayo inazama lakini haina madhara, na huwezi kuichanganya na PVC kwa sababu ni kavu, ngumu, inalia kama karatasi ukiikunja. Kwenye alama ya pembetatu, namba 3 ni PVC, 4 ni polithini laini, 5 ni polipropilini.

Kwa vitu vya kutunza miaka mingi mimi nachukua 4, 5 au polista. Mengine sina mjadala nayo.


#8 Kibaraza

Nimeenda kujaribu. Kipande kimezama. Nikakumbuka sikukisukuma kutoa mapovu, nikarudia, bado kimezama. Hicho kifuko kilikuwa na picha za harusi. Naondoka kwanza, nitarudi.


#9 Msahihishaji

Samahani, kuna watu wanaita kila kifuko cha zipu "Ziploc". Ziploc ni nembo ya biashara, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1968 na kampuni ya Dow Chemical. Zipu za plastiki zilikuwepo kabla ya hapo. Kifuko cha mwingine si Ziploc.


#10 Mzee wa Makopo

Ahsante Msahihishaji. Kwenye uzi huu hakuna aliyeita hivyo, ila umewahi.


#11 Mkulima wa Dirishani

Jamani naomba msaada. Nilivuna mbegu za maua, nikazitia kwenye vifuko vizuri kabisa vya zipu mbili, nikaandika jina na tarehe. Wiki tatu tu, ukungu. Kifuko kilikuwa kinavuja au?


#12 Fundi Waya

Kinyume chake, kilifunga vizuri mno. Mbegu zilikuwa na maji bado, kifuko kikayafungia ndani. Kitu kilichotoka kwenye mmea kikae kwanza kwenye bahasha ya karatasi mahali penye hewa mpaka kikauke kweli, ndipo kihamie plastiki.

Na hili linagusa skrubu za Mzee pia. Ukifunga chuma kwenye kifuko siku yenye unyevu, umeufungia unyevu pamoja nacho. Usiku ukipoa, unyevu unageuka matone juu ya chuma. Weka kipakiti cha silika ndani, zile punje zinazofyonza unyevu. Lakini ujue polithini haizuii mvuke kabisa, huupitisha polepole. Kipakiti kwenye kifuko chembamba kitajaa baada ya muda na kuwa kama kokoto. Zipo punje za rangi zinazojionesha: za bluu hugeuka waridi zikishiba, za chungwa hugeuka kijani au kupauka. Zitoe kwenye plastiki, zitandaze kwenye trei ya chuma, zikaushe kwenye oveni kwenye nyuzi 120 hivi, zitarudi kazini. Usitie oveni kifuko chenyewe, polithini laini huyeyuka chini ya joto hilo. Za bluu zina chumvi ya kobalti, zisikae karibu na watoto wala chochote cha kutia mdomoni.

Kama kitu hakitakiwi kuona unyevu miaka na miaka, achana na kifuko cha kuonyesha ndani. Chukua cha karatasi ya alumini chenye zipu. Utapoteza kuona, ndiyo maana lebo iwe ya maana.


#13 Haipingiki

Mimi nasema vifuko ni uvivu. Vikopo vya plastiki ngumu vyenye mfuniko vinadumu, vinapangika, havitobolewi na msumari. Kifuko utakifungua mara mia, ulimi unalegea, unakitupa. Uchafu mtupu.


#14 Mzee wa Makopo

Haipingiki, nusu yako iko sahihi na nakubali. Kitu ninachokigusa kila siku hakikai kwenye kifuko kwangu. Zipu inachakaa, na punje zikiingia kwenye mfereji haifungi tena hata uibembeleze. (Kwa wenye tatizo hilo: mswaki wa zamani, safisha mfereji, jaribu tena kabla ya kutupa.) Hivyo vya kila siku viko kwenye vikopo.

Ila nina aina kama themanini za vitu ambavyo navigusa mara moja kwa mwaka, na kila aina ina vipande vitano au sita. Vikopo themanini vyenye vipande sita kila kimoja ni kabati zima la hewa. Vifuko themanini vimeingia kwenye boksi moja la viatu. Na kifuko kina faida nyingine: ukifungua mashine, vipande vya hatua ya kwanza vinaingia kifuko cha 1, vya hatua ya pili kifuko cha 2, unarudi kuvirudisha kwa kuhesabu kinyume. Kikopo hakiwezi kuning'inia pembeni ya mashine. Kifuko chenye tundu la kutundikia kinaweza.


#15 Nesi wa Zamu

Nimepita tu. Naona hakuna aliyetaja vidonge, lakini najua yupo anayefikiria. Usivitoe kwenye pakiti zake ukavitia kwenye kifuko cha zipu. Jina, nguvu ya dawa na tarehe ya kuisha viko kwenye pakiti, na dawa nyingine huharibiwa na mwanga na unyevu. Kama unataka mpangilio, tia pakiti nzima ndani ya kifuko, pamoja na karatasi yake ya maelezo.

Na betri za kifungo, zile bapa kama sarafu, zisikae kwenye kifuko ambacho mtoto anaweza kufungua. Mtoto akimeza inaunguza koo ndani ya saa chache. Kifuko kitupu nacho si mchezo wa mtoto mdogo, anaweza kukosa hewa.


#16 Mama Vifungo

Ahsante Nesi.

Mzee, umeandika habari za kalamu na gundi, lakini hujasema cha kuandika. Ndiyo shida ya kifuko chako cha KILE KITU, hakikuwa na shida ya wino. Mimi kila kadi ina mambo manne: ni nini, kimetoka wapi, viko vingapi, lini. "Kifungo cheusi matundu manne mm 15, koti la kijivu, 6, Machi 2022." Nikitumia viwili nafuta 6 naandika 4, penseli inaruhusu. Neno kama "mbalimbali" au "muhimu" limepigwa marufuku nyumbani kwangu.


#17 Kibaraza

Nimerudi. Picha zimetoka salama, mbili zimeacha alama kidogo pembeni. Nimeziweka kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, halafu kwenye kifuko kinachoelea. Mke wangu ameona glasi za maji saba mezani zenye vipande vya plastiki, hajauliza kitu, ameondoka tu.


#18 Mkulima wa Dirishani

Ahsanteni. Mbegu mpya ziko kwenye bahasha. Swali la mwisho, ninunue saizi ngapi za vifuko? Kuna pakiti ya mchanganyiko yenye saizi kumi.


#19 Mzee wa Makopo

Usinunue ya saizi kumi. Utamaliza mbili, nane zitakuzeekea. Pima vitu vyako kwanza, utaona vinaangukia kwenye makundi mawili au matatu. Kwangu imekuwa sentimita 6 kwa 8, 8 kwa 12, na 10 kwa 15. Anza na pakiti moja moja ya mia, zote upana tofauti ili zisichanganyane kwenye boksi. Kila saizi na boksi lake, vikisimama kwa mtindo wa Mama Vifungo.

Kuhusu zile skrubu saba: nimezipima. Ni M3, yaani kipenyo milimita 3, urefu milimita 8, kichwa bapa, nyeusi. Sijajua ni za nini. Nimetia kadi mpya kwa penseli: "M3 x 8, bapa, nyeusi, 7, asili haijulikani", na tarehe ya leo. Ile lebo ya zamani nimeiacha ndani, nyuma ya kadi.


#20 Fundi Waya

M3 x 8 bapa nyeusi? Mkuu, geuza kamera yako uangalie chini.